UTAFITI WA WANYAMAPORI, ELIMU NA FEDHA: YANAYOFANYIKA ARUSHA NA YANAYOTUHUSU SISI WA VISIWANI

Mtu akitajiwa Arusha, aghalabu hukumbuka Mlima Meru, watalii wanaoelekea mbugani, na Azimio lililopitishwa huko mwaka 1967. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mji huo ni makao makuu ya elimu ya wanyamapori katika nchi yetu. Ukiondoka katikati ya jiji kuelekea Engutoto na Njiro, utakuta katika eneo lisilo kubwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ijulikanayo kwa kifupi TAWIRI, pamoja na Chuo cha Uhasibu Arusha. Ukifuata barabara ya Moshi hadi Tengeru, utakuta Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela. Na juu ya zote hizo upo mlima wenyewe, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ambao sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani namna mambo matatu, yaani mnyama, elimu na fedha, yanavyofungamana katika utafiti unaofanyika huko, na kwa nini mfungamano huo unawahusu mkulima wa Pete, sheha wa Chwaka na mhasibu wa wizara hapa Unguja. Ifahamike tangu mwanzo kwamba utafiti na elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Misitu na wanyamapori, kwa upande mwingine, si mambo ya Muungano, na kila upande una sheria zake. Kwa hivyo tunashirikiana katika kutafuta elimu, lakini kila upande unabeba wenyewe dhamana ya kuitumia elimu hiyo kwa wanyama na watu wake.

ILANI YA MWAKA 1961

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, ulifanyika mjini Arusha mkutano wa nchi za Afrika juu ya hifadhi ya maumbile. Katika mkutano huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko ambalo hadi leo linajulikana kwa jina la Ilani ya Arusha. Tamko hilo lilikubali kwamba wanyamapori na mapori yao ni dhamana iliyo mikononi mwa Waafrika wenyewe, na kwamba ni sehemu ya riziki na ustawi wa vizazi vijavyo. Lakini lilikwenda mbele ya hapo. Lilisema kwa uwazi kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika bila ya ujuzi wa kitaalamu, watu waliofunzwa, na fedha, na likayaomba mataifa mengine kushirikiana nasi katika hayo.

Inafaa mambo hayo matatu yazingatiwe kwa pamoja. Ujuzi bila ya watu waliofunzwa hubaki katika vitabu vya wageni. Watu waliofunzwa bila ya fedha hukaa ofisini hali gari haina mafuta. Na fedha zisizoongozwa na ujuzi hutumika pale ambapo hazikuhitajika. Historia ya utafiti wa wanyamapori nchini, tangu mwaka huo hadi leo, ni historia ya kujaribu kuyaweka matatu hayo pamoja.

VYUO NA TAASISI

Hatua ya mwanzo ilikuwa elimu. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro, ili Waafrika wafunzwe kazi ya kuendesha hifadhi, ambayo hadi wakati huo ilikuwa mikononi mwa maofisa wa kikoloni. Mkuu wake wa kwanza, Hugh Lamprey, alikuwa mtafiti ambaye baadaye aliongoza kituo cha utafiti cha Serengeti. Chuo hicho kimetoa wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika.

Hatua ya pili ilikuwa utafiti. Kituo cha Serengeti kilikua katika miaka ya 1960, na mwaka 1980 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Serengeti. Mwaka 1999 jina lilibadilishwa kuwa TAWIRI, kwa kuwa kazi zake zilihusu nchi na si mbuga moja tu. Taasisi hiyo ndiyo inayosimamia utafiti wa wanyamapori Tanzania Bara, ukiwa ni wa wananchi au wa wageni.

Hatua ya tatu, ambayo aghalabu husahaulika, ilikuwa elimu ya fedha. Chuo cha Uhasibu Arusha kilianza katika miaka ya 1980 na kupewa sheria yake mwaka 1990. Msomaji anaweza kujiuliza: mhasibu na tembo wana uhusiano gani? Jibu ni kwamba hifadhi ni shughuli yenye mapato na matumizi kama shughuli nyingine yoyote, na mlango wa hifadhi ni mahali pa kukusanyia fedha za umma. Pale ambapo hesabu hazikukaa sawa, hata mnyama hukosa mlinzi.

KUHESABU WANYAMA NI SAWA NA UKAGUZI WA HESABU

Wengi hudhani kwamba mtaalamu anapotangaza idadi ya tembo au nyumbu amewahesabu mmoja mmoja. Sivyo. Kwa wanyama wakubwa wa nyikani hutumika ndege ndogo inayoruka chini kwa kimo na mwendo uliopangwa, ikifuata mistari iliyochorwa kwenye ramani. Ndani yake hukaa watazamaji wawili, mmoja kila upande, na kila mmoja huhesabu wanyama wanaoonekana katika ukanda wa upana unaojulikana. Makundi makubwa hupigwa picha, kisha huhesabiwa tena ofisini. Idadi iliyopatikana katika kanda hizo hutumika kukadiria idadi ya eneo zima, na kadirio hutolewa pamoja na kiasi cha kosa kinachoweza kuwemo.

Watumishi wa idara za fedha watautambua utaratibu huu. Mkaguzi wa hesabu naye hasomi kila stakabadhi ya mwaka mzima. Huchagua sampuli kwa utaratibu usiopendelea, huichunguza kwa makini, na kutokana nayo hutoa hukumu juu ya daftari zima. Na kama ilivyo kwa ukaguzi, hesabu moja peke yake haitoshi. Faida yake huonekana inapolinganishwa na hesabu iliyotangulia.

Mfano wa tembo ni wa kusikitisha, lakini unafundisha. Hesabu ya mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Hesabu ya mwaka 2014 ikakuta wapatao 43,000. Katika miaka mitano nchi ilipoteza zaidi ya nusu ya tembo wake, wengi wao kwa bunduki za majangili wanaotafuta pembe. Si kwamba walinzi hawakuwa na habari za ujangili, mizoga ilionekana. Lakini ilikuwa ni hesabu iliyoonyesha ukubwa wa msiba kwa namna ambayo hapana ofisi iliyoweza kuukana, na kutokana nayo ulinzi ukaimarishwa. Pale ambapo ukaguzi huchelewa, hasara hukua bila ya kuonekana. Ndivyo ilivyo kwa hazina ya fedha, na ndivyo ilivyo kwa hazina ya maumbile.

SOTOKA, NYUMBU NA MBWA WA KIJIJINI

Utafiti haukomei kwenye kuhesabu. Kazi yake iliyo kubwa zaidi ni kueleza sababu. Katika miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliingia Afrika ya Mashariki, yakaua ng'ombe wa wafugaji kwa wingi na kuwaangusha nyati na nyumbu pamoja nao. Kwa miaka mingi baadaye nyumbu wa Serengeti walibaki wachache, na ilidhaniwa kwamba hiyo ndiyo idadi yao ya kawaida.

Kuanzia miaka ya 1950 ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka mbuga walichanjwa. Hapana aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ilitoweka kwa nyumbu na nyati, kwa sababu chanzo chake kilikuwa mifugo. Nyumbu waliokuwa wapatao robo milioni mwanzoni mwa miaka hiyo walipindukia milioni moja na laki tatu ilipofika mwaka 1977. Kwa kuwa nyumbu wengi hula majani mengi, moto wa nyika ulikosa cha kuunguza. Na kwa kuwa moto ulipungua, miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Kwa hivyo sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ilifika hadi kwenye mti wa Serengeti. Sotoka yenyewe ilitangazwa kumalizika duniani kote mwaka 2011.

Mwaka 1994 ukaja mfano wa kinyume. Simba wa Serengeti walishikwa na maradhi ya virusi yanayoshambulia mbwa, na yapata theluthi moja yao wakafa. Utafiti ulielekeza kidole kwa mbwa wa kufugwa katika vijiji vya jirani. Matokeo yake ulianzishwa mpango wa kuwachanja mbwa hao, ikiwemo chanjo ya kichaa cha mbwa, na faida ya chanjo hiyo ya pili iliwaendea watoto wa vijijini kabla ya kumwendea simba. Kwa mintarafu hii ni dhahiri kwamba mpaka wa hifadhi ni mstari wa kwenye ramani tu. Maradhi na maji havifuati ramani.

UTAFITI UNAORUDI KWA MWANANCHI

Maji ya Meru yenyewe ni ushahidi. Mlima huo ni wa volkano, na chemchemi zake nyingi zina madini ya floraidi kupita kiasi. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, ambako heroe hukusanyika kwa maelfu, ni miongoni mwa maji yenye madini hayo kwa wingi mkubwa. Kwa heroe si tatizo, lakini mtoto anayekunywa maji ya aina hiyo hupata meno ya kahawia, na kiasi kikizidi kwa miaka mingi hata mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi kisizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wataalamu wa maji walitengeneza njia ya kuchuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kitu ambacho hapo awali kilitupwa machinjioni. Huko Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 2011, imeifanya kazi ya maji kuwa miongoni mwa shughuli zake. Mwalimu wa taasisi hiyo, Dkt. Askwar Hilonga, alipata mwaka 2015 tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza, kwa ajili ya kichujio cha maji alichokibuni. Hapa mambo matatu ya Ilani yalikutana: ujuzi, mtu aliyefunzwa, na fedha za kuanzia.

NANI ANALIPA?

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa miaka mingi hifadhi za Taifa za Bara zilijiendesha kwa viingilio vya watalii, na chache zenye mapato makubwa, zikiongozwa na Serengeti na Kilimanjaro, zilizibeba nyingine zisizojitosheleza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Hifadhi za Taifa lilianza kutenga sehemu ya mapato kwa vijiji jirani, kwa ajili ya madarasa, zahanati na visima, katika mpango ulioitwa Ujirani Mwema. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilibadilisha utaratibu huo wa mapato, ikaelekeza fedha zikusanywe na Mamlaka ya Mapato na ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina.

Mwaka huo huo ulionyesha hatari ya kutegemea mlango mmoja wa riziki. Kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Kwa upande wa Zanzibar walishuka kutoka 538,264 hadi 260,644. Mtalii alipokosekana, tembo aliendelea kuhitaji mlinzi, na mlinzi aliendelea kuhitaji mshahara.

Upo pia mzigo ambao hauandikwi katika vitabu vya Hazina, nao ni wa mkulima na mfugaji. Tembo akiingia shambani usiku mmoja, chakula cha mwaka huondoka. Sheria za Bara zinatambua jambo hili kwa malipo yanayoitwa kifuta jasho, kwa mazao, na kifuta machozi, kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, chini ya kanuni za mwaka 2011. Majina yenyewe yanakiri ukweli: si fidia kamili, ni kufuta tu.

Njia nyingine ilijaribiwa katika nyika za Simanjiro, kusini mwa Arusha. Tangu miaka ya 1960 utafiti ulionyesha kwamba wanyama wa Tarangire hawakai hifadhini mwaka mzima. Wakati wa mvua hutoka kwenda kuzaa na kulisha katika nyika za vijiji. Nyika hizo zikilimwa zote, hifadhi yenyewe itabaki jina. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji cha Terrat kukilipa kijiji kila mwaka ili sehemu ya nyika isilimwe wala kuchomwa mkaa, huku malisho ya ng'ombe yakiendelea kama kawaida. Mfugaji na nyumbu wanahitaji kitu kimoja, yaani majani, na mkataba ulijengwa juu ya ukweli huo. Huo ni mfano wa utafiti uliogeuka kuwa hati ya malipo.

RIPOTI ISIYOWASIKILIZA WATU

Haitakuwa haki kueleza mafanikio bila ya kueleza onyo, na onyo limo katika historia ya mlima huohuo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni iliunda tume juu ya ardhi ya Arusha na Moshi. Ripoti yake ya mwaka 1947 ilipendekeza mipaka ya ardhi ipangwe upya. Kwa wataalamu waliokaa mezani, mapendekezo hayo yalionekana ni ya kiuchumi: eneo la kaskazini-mashariki mwa Meru liwe la ufugaji wa kisasa wa walowezi. Mwezi Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kutoa malalamiko ya watu wake, jambo lililoitingisha Serikali ya kikoloni na kuzidisha ari ya siasa nchini.

Funzo lake kwa ofisi zetu ni zito. Ripoti inaweza kuwa na ramani nzuri na hesabu sahihi, na bado ikawa dhuluma, endapo wale wanaoishi juu ya ardhi hiyo hawakuulizwa. Mwananchi anapomtazama mtafiti kwa wasiwasi, si ujinga, ni kumbukumbu.

VISIWANI KWETU

Tukirudi nyumbani, tunao mfano wa kujivunia. Kima punju, ambaye hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa Unguja, alikuwa kwa miaka mingi akihesabiwa na wakulima kuwa adui wa minazi, kwa kuwa alionekana akila vidaka. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walipima jambo hilo shambani, na mwaka 1999 wakachapisha matokeo yasiyotarajiwa: pale ambapo kima walikula vidaka zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalielekea kuongezeka. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kukomaza, na kima hufanya kazi kama ya kupunguzia. Ifahamike, hata hivyo, kwamba utafiti huo ulihusu minazi. Haukusema kwamba mkulima mwenye mazao mengine hana hasara, na haifai kuutumia kumnyamazisha.

Watafiti hao pia walieleza kwa nini kima punju hula makaa: yumkini humsaidia kuzuia sumu iliyomo katika majani ya mkungu na mwembe. Vilevile, matuta yaliyojengwa katika barabara inayopita Jozani yalipunguza vifo vya kima wanaogongwa na magari. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, chini ya mfumo uliowekwa na Sheria ya misitu Nam. 10 ya mwaka 1996, na sehemu ya mapato ya viingilio imekuwa ikipelekwa kwa vijiji jirani na kwa wakulima ambao kima hukaa katika mashamba yao. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta kima punju 5,862, zaidi ya mara tatu ya idadi iliyokuwa ikidhaniwa. Huko Pemba, popo wakubwa wa kisiwa hicho, waliohofiwa kutoweka katika miaka ya 1980, wameongezeka kwa ulinzi wa wanavijiji wenyewe, kama ilivyo Kidike.

Lakini tunao na mfano wa hasara. Chui wa Unguja aliwindwa kwa miaka mingi, na baada ya Mapinduzi zilifanyika kampeni za kumwangamiza, kwa imani kwamba baadhi ya chui walifugwa na wachawi. Watafiti walipokuja kumtafuta kwa makini katika miaka ya 1990, walikuta masimulizi mengi na dalili chache. Wataalamu wengi sasa wanamhesabu kuwa ametoweka. Kilichobaki ni ngozi chache katika majumba ya makumbusho, likiwemo letu la Zanzibar. Hapana anayejua alikula nini hasa, alizaa mara ngapi, wala tofauti yake na chui wa Bara ilikuwa ya kiasi gani. Alikwisha kabla ya kuulizwa. Paa nunga, ambaye naye ni adimu, bado yupo, na wakati wa kumuuliza ni huu.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kutokana na maelezo haya, inafaa kila upande ujue wajibu wake.

Mtafiti anayefanya kazi Bara hupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoanzishwa kwa Sheria Nam. 7 ya mwaka 1986, na kwa utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI. Anayetaka kufanya kazi Zanzibar hahalalishwi na kibali cha Bara peke yake. Anapaswa kuwa na kibali cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kisha ajitambulishe wilayani na kwa sheha kabla ya kumhoji mwananchi yeyote.

Sheha na mwananchi wana haki ya kuuliza, kwa adabu na bila ya woga, maswali manne. Kwanza, kibali kiko wapi? Pili, nini kinatafutwa, na kwa fedha za nani? Tatu, tutakayoyasema yatatumika vipi, na majina yetu yatahifadhiwa vipi? Nne, matokeo yatarudi lini, na yatakuwa kwa lugha gani? Swali hili la nne ndilo zito kuliko yote. Ripoti iliyoandikwa kwa lugha ambayo mkulima haisomi, ikawekwa kabatini mwa ofisi ambayo mkulima haingii, haikumfikia, hata kama jina la kijiji chake limeandikwa kwenye jalada.

Mtumishi wa Serikali anayepokea nakala ya utafiti naye ana wajibu. Aisome, aulize inambadilishia nini katika kazi yake, ahakikishe muhtasari wa Kiswahili unafika shehiani na skuli. Mhasibu anayepanga bajeti atambue kwamba fungu la kuhesabu wanyama au kupima maji si anasa ya kukatwa mwanzo pindi fedha zinapopungua. Tembo elfu sitini na ushei walipotea kati ya hesabu mbili. Na mwalimu wa skuli akumbuke kwamba mtafiti wa kesho yumo katika darasa lake leo, na huenda ni mtoto wa mkulima yuleyule ambaye vidaka vyake vililiwa na kima.

Ni matarajio ya ukurasa huu kwamba msomaji atakapokutana na mgeni mwenye darubini na daftari, awe ni wa Tengeru, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar au wa ng'ambo, hatampuuza wala hatamwogopa, bali atamkaribisha, atamtaka kibali chake, na atamkumbusha kurudi.